Saa 4,722 bila saa moja asubuhi

Jumanne nilitoka zamu ya usiku saa mbili kasoro robo. Nikapita kwa mama wa chapati nje ya geti, nikachukua mbili na maharage, nikatembea mpaka nyumbani nikipishana na watoto wa shule waliochelewa. Nilioga, nikashusha pazia la chumbani, lile zito nililolishona kitambaa mara mbili ili jua lisipenye. Sisi wa zamu za usiku ndivyo tunavyoishi: mchana tunautengenezea giza, usiku tunautengenezea mwanga. Huu mwaka wa sita niko maabara na mwili wangu bado haujakubali.

Mtoto wa mama mdogo, anayependa sizoni za Marvel kuliko chakula, alikuwa amenijazia flashi yangu: Agents of S.H.I.E.L.D., misimu yote saba, episodi 136. Nilikuwa nimefika msimu wa tatu. Nikajiambia nitazame moja tu huku chapati inashuka, kisha nilale. Iliyofuata kwenye orodha ilikuwa episodi ya tano, inaitwa "4,722 Hours", ilitoka mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2015. Sikulala. Nilipokuja kufungua pazia ilikuwa saa nane mchana, na mto wangu ulikuwa umelowa.

Nitasimulia mpaka mwisho wake. Asiyependa kuharibiwa utamu aishie hapa, akaitazame kwanza, halafu arudi.

Kwa asiyeijua sizoni yenyewe: S.H.I.E.L.D. ni shirika la kijasusi la kwenye hadithi za Marvel, limekuwepo kwenye vitabu vya picha tangu 1965. Hili la kwenye televisheni lilianza Septemba 2013 katika kituo cha ABC cha Marekani, likaisha Agosti 2020. Mkuu wao ni Phil Coulson, anachezwa na Clark Gregg. Kuna ndege inayokaa angani kama nyumba, kuna watu wenye uwezo wa kutikisa ardhi kwa viganja, kuna usaliti wa kila namna. Na kuna vijana wawili wa maabara. Leo Fitz ni mhandisi, Mskoti, anachezwa na Iain De Caestecker. Jemma Simmons ni mtaalamu wa biokemia, Mwingereza, anachezwa na Elizabeth Henstridge. Tangu episodi ya kwanza mimi niko upande wa hawa wawili. Wenzao wanavunja milango. Wao wamevaa glavu, wanagombana kuhusu sampuli. Nawajua watu wa namna hiyo. Nafanya nao kazi.

Msimu wa pili unaisha Fitz akiwa amejikaza, baada ya muda mrefu sana wa kumeza maneno, akamwalika Simmons chakula cha jioni. Wawili tu, mahali pazuri. Simmons anabaki chumbani anatabasamu peke yake. Nyuma yake kuna jabali jeusi lililowekwa ndani ya kasha la kioo, na mlango wa kasha umeachia. Jabali linageuka majimaji, linamfunika, linamvuta ndani, linarudi kuwa jiwe. Hakuna aliyeona.

Episodi ya pili ya msimu wa tatu Fitz anaruka ndani ya jabali hilo lilipofunguka kama shimo, akiwa amefungwa kamba, anamtoa kwa mkono. Sote tulidhani limekwisha. Lakini Simmons aliyerudi si yule. Sauti ya kitu kidogo kikianguka inamshtua. Analala sakafuni ameshika kitu chenye ncha. Fitz anampeleka kwenye ile hoteli aliyoahidi, amewaomba wenye hoteli watu wote waondoke ili asisumbuliwe na kelele, na Simmons anainama mezani analia. Halafu anasema jambo moja: lazima arudi kule.

Ndipo inakuja hii ya tano, na inatupeleka kule jabali lilikomtupa: sayari nyingine.

Jambo la kwanza lililonishika ni hesabu. Pembeni ya picha inatokea namba ya saa alizokaa. Saa, si siku. Mwanzoni nilidhani ni mtindo tu wa watengenezaji, kisha nikaelewa: sayari ile hukaa miaka bila kuona jua. Anga lake ni la buluu iliyokolea, mchanga mpaka mwisho wa macho, baridi, na mchana haufiki. Simmons amesimama pale anangoja kuche ili aone vizuri alipo, na hakuchi. Hawezi kusema "leo siku ya tatu" kwa sababu siku yenyewe haipo. Kilichobaki ni saa zinazosoma kwenye simu yake.

Nikajiuliza, sisi tungehesabuje? Mzungu saa yake inaanza usiku wa manane, wakati watu wamelala. Anahesabu kwa mashine. Saa yetu inaanza na jua. Likishachomoza, likapanda kiasi cha saa nzima, tunasema saa moja. Likifika utosini, saa sita. Likizama, tumemaliza kumi na mbili, tunaanza upya na giza. Bibi yangu hakuwahi kuvaa saa maisha yake yote na hakuwahi kuchelewa swala. Alikuwa anatoka kizingitini, anatazama kivuli cha mwembe, anarudi ndani kutia udhu. Mweke bibi yangu kwenye sayari ya Simmons, hana saa moja, hana adhuhuri, hana magharibi. Hata Ijumaa hana, kwa sababu kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa unaingia jua la Alhamisi likizama.

Si swali la kuchezea. Mwaka 2007, daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipokwenda kwenye kituo cha anga za juu cha kimataifa, wanazuoni wa kwao walikaa wakamwandikia mwongozo. Kule juu jua linachomoza na kuzama mara kumi na sita kwa siku moja ya duniani. Wakamwambia afuate saa za mahali alikorushwa, Baikonur, Kazakhstan, na sala zake tano azigawe humo. Maana yake, hata ukiwa angani lazima uwe na ardhi fulani unayoihesabia. Simmons naye alifanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Ardhi yake ya kuhesabia ilikuwa Fitz.

Anazungumza naye kwenye simu. Hakuna mtandao, ni dhahiri, anarekodi tu na kutazama. Ana picha zake, ana video fupi ya Fitz anacheka. Anamweleza alichokiona, anamwambia njaa imefika wapi, anampangia ile jioni yao itakavyokuwa, atavaa nini. Na kila akimaliza anaizima simu haraka, analinda chaji.

Hapo nikasimamisha picha. Nikainuka nikaenda kunywa maji.

Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilipangwa kwenye kituo cha afya bara, mbali na Tanga nilikozaliwa. Sitakitaja jina. Barabara ilikuwa inapitika kiangazi. Masika ikifika, gari la mwisho linaondoka na mnangoja mpaka udongo ukauke. Umeme hakuna. Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya nyumba ya mwalimu, na hapo lazima usimame upande wa mashariki. Simu tulichajisha dukani kwenye sola ya mzee mmoja, mia tatu kwa simu, na siku za mawingu hakuna chaji. Mchumba wangu alikuwa ananitumia sauti WhatsApp. Nilikuwa napanda kichuguu Jumapili, nazipakua zote, nazima data, narudi chumbani, nasikiliza moja kila usiku. Moja tu. Zikiisha kabla ya Jumapili narudia ya kwanza. Kwa hiyo nilipomwona yule binti, mwanasayansi mwenye shahada zake, anaangalia asilimia ya chaji kabla ya kujiruhusu kuona uso wa mtu, sikuhitaji kuambiwa anahisi nini.

Hadubini yetu pale haikuwa na taa. Ilikuwa ile ya kizamani yenye kioo kidogo chini, unakigeuza kuelekea dirishani mpaka mwanga wa jua ujae kwenye lenzi. Slaidi ya malaria ukiipaka Giemsa, rangi ya kuonyeshea vimelea, ya asilimia 3 inataka dakika 30. Ukiwa na haraka unatumia ya asilimia 10, dakika 10. Kisha unakaa, unahesabu vimelea huku unahesabu chembe nyeupe mpaka zifike 200. Yote hayo unayafanya kwa jua. Wingu likipita, unangoja. Saa kumi na moja na nusu jioni mama akinijia na mtoto anachemka, najua nina nusu saa ya kuona, baada ya hapo ni kipimo cha haraka na dua. Mchana wangu ulikuwa na mwisho unaouma. Nadhani ndiyo maana anga la ile sayari lilinikaa kifuani. Nililitazama kwa macho ya mtu wa hadubini ya kioo: hapa siwezi kusoma slaidi hata moja.

Turudi kwa Simmons. Mwanzoni anakaa palepale alipotua, kama tulivyofundishwa sote, aliyepotea asisogee ili wanaomtafuta wamkute. Hawaji. Kiu inamshinda, anaondoka. Anapigwa na dhoruba ya mchanga. Anapata bwawa, anakunywa, anaruka, anapiga kelele za furaha, anaoga. Halafu kitu kinamshika mguu kutoka chini.

Kina minyiri. Ni mmea au mnyama, hatuambiwi sawasawa. Mara ya kwanza anaponyoka. Mara ya pili anarudi mwenyewe, na njaa yake, ananoa kijiti, anakivamia majini, anatoka na mnyiri mkononi. Anawasha moto, anaubanika, anakula kwa meno yote. Mimi mtoto wa pwani nilikaa wima kitandani. Pweza ukimtoa mwambani unampiga chini mpaka alainike, vinginevyo utatafuna mpaka kesho. Huyu binti amemla bila kumpiga, bila ndimu, bila chumvi. Elizabeth Henstridge anaicheza sehemu hii akiwa peke yake, bila mtu wa kumjibu, na hakuna sekunde niliyotamani aje mwenzake. Katika sizoni iliyojaa watu wenye nguvu za ajabu, karibu episodi nzima inabebwa na mtu asiye na uwezo wowote ila elimu yake na ukaidi wake. Kwangu ndiye shujaa mkubwa kuliko wote wanaoruka. Baadaye, mwaka 2020, Henstridge aliongoza mwenyewe episodi moja ya msimu wa mwisho, nami sikushangaa hata kidogo. Mtu anayeweza kuijaza skrini namna hii anajua picha inatoka wapi.

Kisha anaanguka shimoni. Ni mtego, na mwenye mtego ni binadamu.

Anaitwa Will Daniels, mwanaanga, anachezwa na Dillon Casey. NASA walimpitisha kwenye lile jabali mwaka 2001 pamoja na wanasayansi watatu; kazi yake ilikuwa kuwalinda. Wote watatu wamekufa, akili zao zilipotezwa na kitu kinachotawala pale, ambacho Will hakipi jina, anakiita "hicho" tu. Amebaki peke yake miaka kumi na minne. Nilipiga hesabu kwenye simu: ni zaidi ya saa laki moja na ishirini elfu. Anapomwona Simmons anamfungia kwanza, kwa sababu haamini kama ni mtu wa kweli. Amewahi kuona mengi yasiyokuwepo.

Mwanzoni nilimchukia. Kila Simmons akisema tufanye hivi, twende kule, Will anasema hapana, haiwezekani, tulijaribu, kule usikanyage. Simmons anakwenda asikotakiwa, anakuta mabaki ya watu wa karne na karne waliowahi kuletwa pale, na anakutana na hicho chenyewe ndani ya dhoruba. Anarudi akikimbia, anamwamini. Lakini haachi kutafuta. Anagundua kwamba mlango wa kurudi duniani unahama, na kwamba nyota zinaweza kusema utafunguka wapi. Mashine za NASA za Will zimekufa chaji siku nyingi. Simu ya Simmons bado ina kidogo.

Anaitoa. Zile picha, ile video, ile sauti aliyokuwa anaizima haraka ili idumu, anaitoa simu iwashe mashine ya hesabu. Hakuna hotuba. Anatazama mara ya mwisho, basi. Watu wanazungumza sana juu ya matukio makubwa ya sizoni hii, nani alimsaliti nani. Kwangu hakuna tukio kubwa kuliko hili la waya mbili.

Wanatembea mpaka mahali hesabu ilipowaambia. Mlango unafunguka kweli, ng'ambo ya korongo wasiloweza kuvuka. Wanarusha chupa yenye ujumbe. Mlango unajifunga kabla haijafika.

Simmons anavunjika hapo. Anasema hana tumaini tena, hapa ni jehanamu. Na Will, yule wa hapana, ndiye anayemwambia kwamba miaka yote hakuwa na kitu, mpaka alipokuja yeye. Wanakuwa wapenzi. Najua wapo waliokasirika, wale waliomngoja Fitz tangu 2013. Mimi sikuweza kukasirika. Watu wawili wamekaa gizani, chakula chao wanagawana, mmoja akilala mwingine anakesha. Ukitaka kumhukumu Simmons, kwanza kaa mahali ambapo sauti ya binadamu ni moja tu.

Mwaka 1962 Mfaransa mmoja, Michel Siffre, mtaalamu wa miamba, aliingia ndani ya pango la barafu la Scarasson kwenye milima ya Alps akakaa miezi miwili bila saa na bila jua, ili aone mwili utahesabuje wenyewe. Walipomwambia jaribio limekwisha, ilikuwa tarehe 14 Septemba. Yeye kwenye daftari lake alikuwa tarehe 20 Agosti. Siku 25 zimempotea na hajui zilikokwenda. Na huyo alikuwa na simu ya waya ya kuwapigia wenzake waliokaa juu. Nilipokumbuka hilo nilimtazama upya Will. Zile hapana zake si ubaya. Mtu akikaa mno mahali pasipobadilika, anajifunza kutotazama barabara.

Nasema hivyo kwa sababu namjua mmoja.

Kwenye kile kituo nilimkuta muuguzi mama wa makamo, kijiji kizima kilimwita Mama Nesi. Alikuwa pale mwaka wa kumi na moja. Aliletwa na wenzake wawili. Mmoja alihama, mmoja alifariki. Wiki yangu ya kwanza kila gari lilipolia nilitoka mbio barazani kuona nani kaja. Yeye hakuinua hata kichwa. Nikimwambia, mama, tuandike barua tuombe taa ya sola, ananijibu, tuliandika. Nikisema tuombe friji, tuliomba. Nilimwona mkavu. Kumbe ndiye aliyenifundisha jinsi ya kuishi pale: kutega maji ya paa, kuweka slaidi kwenye kopo la maziwa na mchele ndani zisipate unyevu, kulala mchana Jumamosi ili niweze kukesha naye mama mjamzito akija usiku. Nilipopata homa yangu mbaya, alinisomea slaidi yangu mwenyewe kwenye kile kioo, yeye ambaye si mtu wa maabara, nikiwa namwelekeza kitandani anachotakiwa kuona.

Alikuwa na redio. Kila jioni saa mbili, taarifa ya habari, halafu anaizima palepale, hata kama wimbo unaofuata ni mzuri. Betri zikianza kukoroma anazianika juani juu ya mawe, kutwa nzima, jioni zinampa taarifa nyingine tatu nne. Nilimuuliza, mama, si usikilize mara moja kwa wiki zidumu? Akasema, "Mwanangu, nikiacha siku moja nitajuaje ni siku gani?"

Uhamisho wangu ulikuja baada ya miezi kumi na sita. Pikapu ilikuja bila taarifa, dereva ana haraka, mvua inanyemelea. Nilifungasha kwa dakika ishirini. Mama Nesi alikuwa na mgonjwa, akatoka na glavu mkononi kuniaga. Hakulia. Alisema, "Ukifika mjini nitumie betri. Zile kubwa." Nikamwambia, nitatuma mama, wiki hiihii.

Sikutuma. Ni miaka minne.

Ile episodi inavyomtoa Simmons ni hivi. Wamekaa mahali pa juu na mvinyo wa kale, wanangoja jua. Hesabu zao zimeonyesha kwamba jua litachomoza pale kwa dakika chache tu, la kwanza kwa miaka mingi. Mimi nimekaa mbele sasa, natamani kuliona. Na badala ya jua inapaa fataki ya ishara, nyekundu, kwenye lile anga la buluu. Simmons anaijua. Ni Fitz. Wanakimbia. Dhoruba inawakuta, inawatenganisha. Hicho kinajitokeza kimevaa vazi la mwanaanga. Will amebakiwa na risasi moja, amekuwa nayo miaka yote. Anabaki nyuma ili kimfuate yeye. Simmons anasikia jina lake, anaona mkono kwenye mchanga, anaushika. Tukio la kuokolewa tulilolishangilia episodi ya pili, sasa tunaliona kwa upande mwingine, na upande huu kuna mtu ameachwa.

Pikapu ile, nilipogeuka nyuma, Mama Nesi alikuwa amesharudi ndani kwa mgonjwa.

Picha inarudi duniani. Simmons amemaliza kumsimulia Fitz yote, kila kitu, mpaka mapenzi. Fitz kasimama. Uso wa De Caestecker pale sijui niuelezeje. Haunyooki wala haukunji. Anageuka, anatoka chumbani bila neno. Simmons anamkimbilia, anajieleza, anaomba asikasirike. Fitz amefika kwenye kompyuta yake, anafungua kila alichokuwa anakusanya miezi yote ya kumtafuta yeye, kila ramani, kila hesabu, anamwonyesha. Anasema watamrudisha. Tutamrudisha Will.

Hakuuliza unampenda nani. Hakudai shukrani kwa kuruka shimoni. Alisikia kwamba kuna mtu ameachwa gizani, akafungua kompyuta.

Ninajua kinachokuja. Nimeshatazama mpaka episodi ya kumi, najua Fitz anakwenda kweli, na najua anachokikuta: Will alikufa siku ileile aliyobaki nyuma, na anayetembea ndani ya mwili wake ni hicho. Imeniuma, lakini haijanibadilishia ile dakika ya kompyuta. Fitz alipoifungua hakujua kama kuna mtu wa kumkuta au hakuna.

Siku hiyohiyo saa nane mchana, macho yamevimba, nilikwenda stendi. Nikauliza magari ya kule siku hizi ni yapi. Nikampata dereva mmoja anayepita njia panda ya kile kijiji mara mbili kwa wiki. Nikamuuliza kama anamjua Mama Nesi wa kituoni. Akacheka, "Dada, nani asiyemjua? Mwanangu wa pili amezaliwa mikononi mwake." Yupo. Mwaka wa kumi na sita au kumi na saba sasa, nimepoteza hesabu.

Jana nilimnunulia betri kubwa ishirini na nne. Nikaweka na doti moja ya kanga, kilo mbili za sukari, dagaa, ubuyu, na taa ndogo ya sola ambayo hakuiomba. Juu nikaandika barua kurasa tatu. Nilianza kwa kuomba radhi, nikamaliza kwa kumweleza habari ya yule binti aliyekaa saa 4,722, kwa sababu ni mtu wa pekee ninayemjua ambaye atauliza chaji ya simu ilidumuje.

Leo nimetoka zamu mapema, mwenzangu kanishikia. Nikapeleka boksi stendi kabla gari halijajaa. Konda akaliinua, akalipima kwa mkono, akaniuliza kama kuna kitu cha kuvunjika. Nikamwambia hakuna, ila asiliweke penye maji. Akalisukuma chini ya siti yake mwenyewe. Gari lilitoka saa kumi na mbili na nusu, jua likiwa limeshachomoza upande wa bahari.